Karatasi ya Ishirini na Tisa

Bwana Taherali kanipa kazi ya macho na vidole:
kalenda ya kuchana, siku baada ya siku,
na mgongoni mwa kila karatasi niandike
Siku Kama ya Leo, mistari mitatu, isizidi,
wino usije ukapenya upande wa pili.

Nyuma ya Mwembe Tayari mashine inakohoa,
inameza karatasi nyeupe, inatema Januari.

Nilianza na Desemba, nikidhani ni nyepesi.
Kumi na mbili: usiku wa manane, bendera mpya.
Kumi na tatu, miaka mia mbili sitini na mitano nyuma yake:
Ngome inaangukia mikononi mwa Waomani,
waliosalia ndani wanahesabika kwa vidole.
Almanusura zilale karatasi moja!
Nikaomba nisogeze, siku moja tu, nani atakayejua?
Bwana Taherali akavua miwani:
"Tarehe si kabati, Mishi."

Aprili nikaingia nayo kwa kasi.
Kumi na moja: jiwe la msingi la Ngome hiyo hiyo.
Ishirini na tisa,
kalamu ikagoma.

Siku kama ya leo, mwaka wa tisini na nne, Ijumaa asubuhi,
feri ya Mtongwe ilizama na watu waliokuwa wakienda kazini.
Nikahesabu herufi. Yote yaliingia,
na nafasi ikabaki.

Bwana Taherali alisoma akisimama, kisha akakaa.
"Kalenda hii inatundikwa jikoni.
Mtu anachemsha chai yake.
Itafutie mwenzake, kitu chepesi, kikae juu."
Nikapekua nusu siku nikakipata:
Aprili ishirini na tisa, Siku ya Densi Duniani.

Densi juu, feri chini.
Nikaitazama karatasi ile
kama mtu aliyealikwa harusini na matangani
mlango mmoja, saa moja.

Mjomba Mwinyihaji alikuwa karani wa shehena Kilindini.
Kitambulisho chake kilirudi kimelowa:
tarehe ya kuzaliwa imefutika,
ya kutolewa ingalipo.

Usiku nikamuuliza mama, nayo ile siku?
Akaendelea kuchambua mchele.
"Ishirini na tisa ni ya serikali.
Yangu ni kumi na nane, Mfunguo Pili."

Na kweli, hitima yake haina kiti.
Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi;
tumeisoma masika, ndoo zikikinga paa linalovuja,
tumeisoma kwenye joto la kaskazi, mahamri yakichacha,
mwaka mmoja ikaniangukia katikati ya mitihani
nikaitikia amina na hesabu kichwani.
Imezunguka mwaka mzima, imekaribia ilikotoka.

Nikachukua penseli.
Mwaka huu hitima itakuja wiki moja baada ya tarehe.
Mwakani, mwezi ukiandama vyema,
itatangulia siku nne.
Nikapiga tena hesabu, labda nimekosea.
Hazikutani, mama.
Zinapishana kama feri mbili katikati ya mkondo wa Likoni,
hii inakwenda, ile inarudi,
abiria wanaangaliana
na hakuna anayepunga mkono.

"Basi andika," akasema.
"Niandike nini?"
"Ulichokiandika."

Nikaandika yote mawili, densi na feri.
Bwana Taherali hakusema kitu,
akapunguza tu ukubwa wa herufi za juu.

Sasa kalenda iko jikoni kwetu, kwenye msumari wa chujio.
Asubuhi ya ishirini na tisa mama alichana,
hakugeuza upande wa pili.
Aliikunja mara mbili, akafungia ubani,
akaiweka juu ya kabati
kungojea wiki ijayo.