Meza ya Magazeti, Barabara ya Tisa

Saa kumi na mbili na robo gari linapita bila kusimama,
utingo anatupa mabunda mawili, nami nayadaka
kabla vumbi halijayasoma.
Naweka jiwe juu ya kila bunda.
Upepo wa Julai hapa Dodoma hauna adabu.

Kulia, lenye kichwa chekundu: WAMEKUNYWA MAJI YA WANANCHI.
Kushoto, lenye kichwa cha bluu: MAADUI WA MAENDELEO WAZUSHA TENA.
Kisima ni kimoja, kule kwa wajomba zangu, ng'ambo ya Bahi.
Milioni themanini na nne ni zile zile.
Pampu ambayo haikufika ni ile ile.

Mwalimu Ndahani huja wa kwanza, koti limefungwa hadi kidevuni.
"Mbukwa, Matika." Noti imeshakunjwa mkononi.
Anachukua la kulia. Miaka sita sijamwona akitupa jicho kushoto,
kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mtalaka wake.

Kisha Sechelela, fundi cherehani, pini zingali kolani.
Lake la bluu hulikunjua pale pale
na kulisoma kwa sauti
ili lile la kulia lisikie.

Wakikutana mezani kwangu hawabishani juu ya kisima.
Wanabishana juu ya aliyekitaja.
Nani kaandika? Nani kamtuma? Analipwa na nani?
Pampu imekaa pembeni
kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha uji.

Nami nina ugonjwa mmoja: sisahau sentensi.
Mwaka juzi, fedha za madawati zilipoyeyuka
na halmashauri ikiwa mikononi mwa watu wa kwao,
Mwalimu alisimama hapa hapa, akashusha miwani:
"Tusihukumu. Tusubiri uchunguzi."
Sechelela akapiga meza, sarafu zikaruka:
"Mwizi ni mwizi! Uchunguzi wa nini?"

Leo asubuhi nimezisikia tena, neno kwa neno,
hata kofi la mezani lilikuwepo.
Zimehama vinywa tu,
kama wapangaji waliobadilishana vyumba
na kuachiana mapazia.

Nilitaka kucheka. Nikajitia kuhesabu chenji.

Maana nami, nisiseme uongo,
mwaka ule wa madawati aliyetia saini alikuwa Chedego,
mtoto wa shangazi yangu, aliyenilipia leseni ya meza hii.
Picha yake ilikuwa mbele, kubwa, shati nililomnunulia Krismasi.
Siku hiyo gazeti la bluu nililigeuza,
ukurasa wa michezo ukawa juu.
Nikauza magoli. Madawati nikayalaza kifudifudi.
Na mteja mmoja alipolitaja jina lake nikamkatiza:
"Umejuaje? Ulikuwepo?"
Mimi huyo,
niliyekuwa na nakala arobaini chini ya jiwe.

Jana jioni alikuja Mele, mdogo wangu, kwa basi la Bahi,
kucha zimejaa mchanga wa korongo:
siku hizi wanachimba hadi kiunoni
ndipo maji yatoke, kikombe kwa kikombe, rangi ya chai.
Alitaka magazeti yaliyobaki ya kufungia karanga.
Nikampa yote, mekundu na ya bluu, akayapanga kwa ukubwa,
si kwa rangi.
Halafu akasita. Mele aliishia darasa la tatu, husoma kwa kidole.

"Dada, lipi kati ya haya linasema pampu inakuja lini?"

Nikafungua la kulia.
Maoni, katuni, mbunge kamjibu mbunge.
Nikafungua la kushoto.
Mbunge kamjibu aliyemjibu.
Nikapita matangazo ya vifo, zabuni, bei ya alizeti,
kidole chake kikifuata changu, hakina haraka.

Taa za barabarani zikawaka.
Nikamwambia, subiri,
nikafungua tena la kulia, kutoka mwanzo.