Trei za Mayai

Mimi bilioni siijui.
Sijawahi kuiona, sijui hukaa mfuko gani.
Ninachokijua ni trei: mayai thelathini, sita kwa tano.
Mkahawa wangu hapa Marlet, Ohio,
unatazamana na Lango Namba Nne,
na kwa miaka ishirini na sita
nimeihesabu kampuni kwa mayai.

Zamu tatu zilipopokezana bila kuvuta pumzi
nilivunja trei arubaini kabla theluji haijazolewa njiani.
Odell Tibbs wa chumba cha rangi, kope zimeganda vumbi la fedha,
alikula manne, kiini kiteketeke,
akaipangusa sahani kwa mkate hadi ikakana kwamba imeguswa.
Mapacha wa kina Hruska walikula wamesimama.
Junia wa milango
(milango mia nne kwa zamu, ya kushoto tu,
wa kulia hajaufunga hata mmoja)
aliyataka ya kuchemsha, ayatie mfukoni,
yampashe vidole.

Kisha zamu ya usiku ikafutwa.
Hawakusema wanafukuza. Walisema wanapumzisha.
Trei ishirini na mbili.
Kisha tisa.
Kisha mashine zikafungwa kwenye malori, zikateremka kusini
kuifuata mishahara myembamba.
Mbili.
Mwaka ule nilijifunza kumkaangia mtu mmoja yai moja
na kumwacha alimalize taratibu,
maana hakuwa na pa kwenda.

Jana wamerudi.
Jukwaa, bendera, gavana amevaa kofia ya plastiki
ambayo haijawahi kudondokewa na kitu.
Bilioni mbili na nusu, wakasema.
Kazi zinarudi nyumbani, wakasema,
kana kwamba kazi ni paka
aliyezurura tu, na sasa anakwaruza mlango.
Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, unga ukaruka.
Asikucheke mtu: mwenye njaa hapigi makofi kwa mzaha.

Baadaye kijana wao akaingia kunywa kahawa,
mpole, viatu havijui matope.
Nikamwuliza: wangapi?
Akanieleza uwekezaji, akanieleza mnyororo wa thamani.
Nikamwambia, mwanangu,
wangapi wataivuka barabara hii saa kumi na moja alfajiri
matumbo yakiwanguruma?
Akakitazama kikombe.
Mia saba. Labda mia nane, betri zikiuzika.

Walikuwa elfu tatu na mia nne. Hakuniuliza, nami sikumwambia.
Pengo lao litazibwa na mikono ya chuma, rangi ya chungwa,
inayochomelea gizani kwa kuwa haihitaji taa.
Wala haihitaji chumvi.

Lakini mia saba si sifuri, usinielewe vibaya.
Tamsin, binti yake Junia, ameijazia fomu hapa,
meza ya dirishani, ulimi umechungulia kama mtoto wa shule.
Palikuwa na visanduku viwili: *muda* na *kudumu*.
Cha pili walikwisha kukipiga mstari kiwandani.
Mama yake akakiona. Akageuza uso,
akaanza kunipangia vijiko
ambavyo nilikuwa nimeshavipanga.

Odell hakuchukua fomu. Mapafu.
“Ahadi ni deni,” akasema, akikohoa ndani ya kitambaa,
“basi hawa nawadai tangu nina nywele.”
Akalipa yai lake kwa sarafu.

Usiku huu Lindqvist wa mayai amenipigia simu.
Amesikia redioni. Furaha imempanda hadi puani.
“Rozalia, nikuletee trei ngapi?”
Nikachungulia nje.
Lango limepakwa buluu mpya. Taa moja. Mlinzi mmoja
anatafuna mkate aliotoka nao kwao.
“Tatu,” nikasema.
Nikamsikia akiandika.
“Ngoja. Nne.
Ila hiyo ya nne, usiifunge kamba bado.”