Mizani ya Baba

Makadara, nyuma ya duka la mazulia,
baba alikuwa na chumba kisichoingia chai.
Wala mkate. Wala andazi mkononi mwa mtoto.
"Risasi hailiwi," alisema, "lakini njia ya kinywa inaijua."

Lugha yetu haikujisumbua:
risasi ni madini, risasi ni kitokacho mtutuni.
Yeye aliijua katikati ya majina hayo,
ikiwa uji wa fedha ndani ya chungu cha chuma.

Alisubu uani baada ya alfajiri,
taulo limefungwa kipajini,
maana Mombasa mtu hutoka jasho akiwa amekaa tu,
na tone moja likidondoka mle chunguni
risasi huruka.
Chini ya jicho alikuwa na kovu, punje ya mtama.
Hakulieleza. Alilionyesha.

Kazi yangu, miaka tisa, ilikuwa kusimama
upande upepo unakotoka, nisile moshi.
Nguo zake za kazi zilifuliwa peke yake,
hazikukutana na zetu hata kambani.

Kupima, alizima pangaboi.
Tukaiva kimya, sisi na kuta.
Kopo moja tu la baruti mezani:
"Makopo mawili, Mahganji, ni ugomvi unaosubiri."
Kisha maganda hamsini yamepangwa ubaoni
kama watoto wa chuoni, naye na tochi yake
akichungulia koo la kila mmoja.
Ganda lililoshiba mara mbili halipigi kelele.
Linangoja shavu la mtu.

Siku moja Bi Zarbanu akapiga hodi,
anataka ufunguo wa tangi la maji.
Dakika mbili. Baba akarudi, akasimama.
"Nilifika wapi?"
Nikasema thelathini na moja,
maana alituahidi mihogo ya Laitihausi
na jua lilikuwa linashuka.
"Umeona, au unadhani?"

Akamimina yote. Yote hamsini, koponi.
Hatukwenda kula mihogo.
Nililia kwa hasira, naye akaniacha nilie
mbali na mizani.

Alipofariki polisi walichukua bunduki na baruti,
wakaandika, wakatia saini, wakatupa pole.
Leseni ikabaki kwenye fremu yake
ikiwa haimruhusu mtu yeyote kitu chochote.

Mimi napima dawa za watoto hospitalini.
Simu ikilia katikati ya kuchanganya, namwaga.
Mwenzangu Kadzo huguna: dawa ghali hiyo!
Namwambia, sikumbuki nilifika wapi.
Ni maneno machache, na kila mara
yanapita kooni kama mwiba wa samaki.

Mizani iko nyumbani, juu ya friji.
Haipimi kitu.
Pangaboi likizunguka, mshale wake hutetemeka,
nami nainuka, nalizima,
nakaa na joto langu mpaka utulie.