Daftari la Kikosi cha Pili

Ligi imefungwa tangu wiki ya pili ya Juni
na baridi ya Lubumbashi imeingia hadi ndani ya sufuria.
Kikosi cha kwanza kina wasemaji wake:
kinyozi, katekista, muuza makala,
kila mwenye mdomo anajua nani auzwe.
Mimi nawafuata wale wa pili,
wanaocheza saa saba mchana, kabla watu hawajafika,
kwa jezi za kurithi, namba zimebanduka,
nane imebaki tatu.

Nina daftari la miraba, kurasa tisini na sita.
Linakaa chini ya meza yangu ya yinite, hapa Katuba,
pamoja na chenji na dawa ya kichwa.

Kapend, beki wa kushoto. Miaka kumi na saba
kwa karatasi za klabu, kumi na tisa kwa mama yake.
Yuko kwa babu yake, Sandoa, netwaki hakuna.
Nimeandika: mihogo, milima. Atarudi na pumzi
au atarudi na tumbo.

Tshinyama, kipa. Ameongezeka vidole vinne.
Nilimpima kwa macho kwenye mlango wa duka la dawa:
Machi kichwa kilikuwa chini ya bango la malaria,
sasa kinafunika neno la mwisho.

Mapacha wa Ruashi wamekwenda Kolwezi kuchimba.
Hapo nimeacha mistari miwili mitupu.

Kyalwe, namba kumi na moja.
Mabao tisa, sita kwa mguu asioupenda.
Dereva wa lori alimwona Ndola, kwenye majaribio;
dereva mwingine akasema hapana, yule alikuwa na ndevu.
Kyalwe kidevu chake ni yai.
Nilifuta Ndola.
Usiku niliirudisha, kwa penseli.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kikosi cha kwanza,
alikufa akiwadai kombe.
Alizoea kunicheka: wenzako wanakula bukari,
wewe unapigia makofi mbegu.
Nilimjibu kwamba mbegu haijawahi kunitukana Jumapili jioni.

Kwa miaka sita nimeandika vijana thelathini na mmoja.
Wawili walipandishwa.
Mmoja kati yao alicheza dakika kumi na moja, siku ya mvua,
nilizihesabu kwa saa ya simu
na mteja akaondoka na elfu mbili zangu.
Leo anauza matairi njia ya Kipushi. Ananisalimu
kama mtu yeyote anayemsalimu mama wa yinite.

Jana, upepo wa vumbi jekundu,
akaja kijana amejifunika kofia ya sweta,
mguu wa kulia akiuweka chini kama anayekanyaga mayai.
«Mama, unipe yinite ya mia tano.»
Kyalwe.
Hajui kwamba najua anafunga kamba za viatu mara mbili,
kwamba ishara ya msalaba huifanya baada ya kukosa
na kamwe si kabla.
«Goti?» nikasema, mdomo umenitoroka.
«Goti gani, mama?»
«Naona unachechemea.»
«Ah, ni kashimo ya barabara tu.»
Alinidanganya vizuri, kama anayemdanganya daktari wa timu.

Akapiga simu palepale, amesimama kwa mguu mmoja,
mgongo kwangu.
«Kocha, niko muzima. Sana. Tarehe tano niko pale.»
Sauti nzito, ya kuazima.
Halafu akabaki anaitazama simu
mpaka taa yake ikazimika.

Nilimpa yinite ya elfu. Akasema nimekosea.
Nikasema chukua, kaa unapiga na kwenu.

Alipokata kona nilifungua ukurasa wake.
Niliandika goti. Nikalifuta.
Nikaliandika, nikalifuta, karatasi ikatoboka,
na kupitia tundu nikaona jina la Tshinyama,
herufi tatu.

Tarehe tano ni Jumatatu.
Nimekwisha kumwambia mtoto wa dada yangu
meza ya yinite siku hiyo ni yake.
Nitapita uwanjani kama mtu anayekwenda sokoni.
Nitabeba na kikapu.