Sampuli ya Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri, Antwerp bado imelala.
Navaa glavu, nafungua friji ya chuma:
chupa saba, siku saba, mji mzima umekojoa humu.
Padri na mlevi, hakimu na aliyehukumiwa,
wote wamekuwa rangi moja, ya chai iliyopoa.

Kazi yangu ni kusoma kile ambacho mji haukiri.
Jumatano mstari hulala chini, mpole kama mtu aliyeokoka.
Ijumaa huanza kupanda.
Jumapili husimama wima,
manyoya ya paka aliyekutana na mbwa.
Mashine haiulizi majina. Inahesabu tu
kile ini lilichokivunja, figo zikakitupa.
La kuvunda halina ubani,
na mimi sikuajiriwa kufukiza.

Ila jina moja nalijua.

Wannes, mdogo wangu, mpishi wa keki,
vidole vyeupe tangu ana miaka kumi na sita.
Nani angeshuku unga juu ya unga?
Mara ya kwanza ilikuwa zamu ya Krismasi,
maagizo mia mbili na oveni moja mbovu.
Msaidizi wake akamchorea mstari juu ya trei.
"Lieve, niliamka ndani ya kuamka!
Nilipamba keki kumi na tisa, sikukosea hata ua moja."
Nusu saa, pengine haikufika, kisha ule utamu
ukamshusha chini ya pale ulipomwokota.
Basi akapanda tena.
Na tena.
Deni lake halikuanza kwa pesa.
Alianza kwa kuikopa kesho na kuila leo.

Pua ilitangulia. Tone jekundu ndani ya krimu;
akamwaga bakuli zima, akasema ni baridi.
Kisha harufu zikamhama: vanila, siagi ikiungua,
akawa ananiita mimi nimnusie.
Daktari alipochungulia kwa tochi ndogo
mwanga uliingia tundu hili, ukatokea la pili.
Usiku taya zilisaga, kinu kisicho na mtama.
Alisikia watu wakitembea darini,
naye akiishi ghorofa ya mwisho, juu yake njiwa tu.
Akamfukuza Noor, mkewe, kwa kosa
la kuzihesabu noti za duka mara mbili.

Mwezi Machi, umri thelathini na minne,
moyo ukambana katikati ya kukanda.
Mshipa umejikunja, alisema daktari,
akatuonyesha kwa ngumi yake mwenyewe,
akaikaza hadi vifundo vikawa vyeupe.
Wannes kitandani, nyaya kifuani,
akanishika mkono. Nikadhani anataka maji.
Aliniomba euro hamsini.

Simlaumu.
Hapana, namlaumu. Jumanne namlaumu,
Alhamisi namnunulia soksi.

Hii ni wiki ya sita yuko kituo cha tiba,
kule Limburg, kwenye misonobari.
Anaandika kwa penseli, herufi kubwa za mtoto:
mchana wanachimba viazi,
usiku anaota trei, anaota anavuta,
na huamka akilia, si kwa woga,
ni kwa sababu ndotoni alikuwa na furaha.
Jana, ameandika, alisikia harufu ya udongo.
Au alidhani ameisikia.
Amepigia mstari neno "alidhani".

Mkojo wake sasa unafuata bomba jingine,
hadi kwa mpimaji mwingine nisiyemjua.
Hata hivyo nimeiweka chupa ya Jumapili mashineni,
nimevuta kiti, nimekaa,
ingawa hesabu naijua kuliko wengi:
mji wa watu laki tano hauonyeshi pengo la mmoja.

Mstari umepanda, palepale pa kila wiki.
Nimeukuza kwenye skrini, nimeukuza tena,
natafuta, mjinga mimi na shahada zangu mbili,
mahali palipopungua
kiasi cha mdogo wangu.