Chai ya Kamati

Jumanne ya pili ya kila mwezi
nachemsha lita saba. Iliki naitwanga mwenyewe,
ya Amani, si ile ya pakiti.
Sinia la vikombe, sinia la mihogo,
na kiapo changu cha kutunza siri
kimelala kwenye faili ghorofa ya juu,
nilikitia saini kwa kalamu ya kuazima.

OCD hutaka sukari vijiko vinne
akisema wizi umepungua.
Magereza huhesabu vikombe kabla hajaketi.
Mazoea, mama, huniambia, mazoea.
Zimamoto huja kachelewa, buti zinachuruzika:
kibanda kimeungua Mikanjuni, gari likaishiwa maji,
watu wakamalizia kwa mchanga na sufuria.
Hilo kikaoni halisemi. Hunong'ona mlangoni,
anapopokea kikombe.

Uhamiaji hanywi mpaka apindue kisahani
asome kilikotengenezwa.
Simchukii.
Ila pale Horohoro alimuuliza mtoto wa dada yangu
bibi yako kazaliwa wapi, thibitisha.
Bibi yetu alizaliwa mwaka wa mahindi kuungua,
hakuna aliyeandika. Mnazi wake uko upande wetu,
jioni kivuli chake kinavuka
bila kugonga muhuri.

Na yuko yule wa mwisho wa meza.
Hana sare, hana kofia,
shati la mikono mifupi kama mwalimu wa hesabu.
Kwenye orodha ya mahudhurio, jina lake ni mstari mtupu.
Chai yake naiondoa ikiwa na utando juu.
Siku moja aliniuliza: Mama, humu ndani unasikia nini?
Nikamjibu: Vijiko.

Nikiingia, hunyamaza. Nikitoka, sauti hurudi
kama mende taa ikizimwa.
Lakini mwezi wa tatu chupa moja ilivuja,
nikapiga magoti kufuta chini ya meza,
wakanisahau.
Nikasikia Ngamiani. Nikasikia Barabara ya Kumi na Tatu,
ya kwetu.
Nikasikia kijiwe, Alhamisi, saa tano usiku, wote.
Hiyo *wote* ndiyo iliyonigandisha kitambaa mkononi.

Nawajua wale. Shekuwe anaziba pancha.
Kizenga kafeli mara mbili na bado ananunua madaftari.
Wa tatu simwelewi, siku hizi ana simu mbili
na hana kazi hata moja; huyo siwezi kumwapia.
Na cherehani ya Mwantumu, mjane, ilibebwa usiku,
polisi tuliwaita sisi,
tukawasema kwa kuchelewa.
Hilo nalo nalijua.

Kiapo hakisemi lolote kuhusu ndoo.
Alhamisi, baada ya isha, nikapita kijiweni:
Wanangu, bomba limekata, nisaidieni,
kisima cha msikitini ni mbali na mgongo huu.
Wakabeba. Pipa likajaa, masufuria yakajaa,
likajaa hata beseni la kumwogeshea mjukuu.
Wa simu mbili hakuja,
alisema kuna mtu anamsubiri.
Saa tano taa za gari zikamulika ubao wa drafti,
vizibo vyeusi, vizibo vyekundu,
na mtu mmoja kwenye benchi.

Sijui kama nilifanya vyema.
Siku zile sikulala, nikahesabu kama Magereza.
Maji yale tuliyatumia wiki nzima.
Cherehani haijarudi.

Jumanne ya pili, mwezi wa nne, lita saba.
OCD, vijiko vinne.
Uhamiaji akapindua kisahani kilekile.
Yule wa mwisho wa meza akakivuta kikombe karibu.
Mama, akasema, macho kwenye karatasi,
bomba la Barabara ya Kumi na Tatu linatoa?

Linatoa, nikasema. Kidogo kidogo.

Akanywa yote.
Akaniomba na sukari.