Nani Kaacha Tochi Kwenye Mafunjo?

Umeme ulikatika Luchelele
saa ile ile ugali unasongwa,
giza likaingia jikoni bila hodi.
Sayi wa darasa la pili
akashika kanga yangu, akachungulia dirishani
kule ziwani:
"Shangazi, nani kaacha tochi kwenye mafunjo?
Anaiwasha, anaizima, anaiwasha,
betri zitakwisha!"

Si tochi. Vaa ndala, twende.
Taratibu, hayo ni matembele ya jirani.

Huyu hapa. Kimulimuli.
Ukubwa wake, mbegu ya tikiti.
Mabawa ya juu magumu, koti lake la mvua,
ya chini laini, ya kurukia.
Taa kaibeba tumboni, nyuma kabisa
(cheka tu, hata mimi nilicheka),
wala hanunui luku.

Mwache atembee kiganjani. Anakuunguza?
"Hapana! Ananitekenya!"
Kibatari huunguza, kaa huunguza.
Mwanga wa huyu haujui moto.

Sasa tazama anavyosema:
pa... pa pa...
"Niko hapa, wewe uko wapi?"
Na jike, chini kwenye nyasi,
anamjibu mara moja tu,
pa,
hana maneno mengi.

Watoto wao hawaruki. Wanatambaa topeni,
wanafuata utelezi wa konokono
mpaka mlangoni kwake,
na konokono hana mlango wa nyuma.
"Wanamla?"
Wanamla.

Mbali, taa za wavuvi wa dagaa
zimetanda majini kama mji wa pili.
"Na zile?"
Zile zinaita dagaa, Sayi.
Dagaa wakiitika, kesho wanaanikwa.
Akafikiri.
"Kimulimuli ana adabu zaidi."

Mara umeme ukarudi. Mtaa mzima: yeeee!
Taa yetu ya ukutani ikamwaga weupe
hadi kwenye mafunjo.
Pa... 
Kimya.
"Wamekwenda wapi?"
Wapo. Hawaonani tu.
Ni kama wewe kunong'ona
karibu na mashine ya kusaga.

Sayi, ambaye chooni usiku
husindikizwa na watu wawili,
akakimbia, ndala moja ikabaki njiani,
akapanda juu ya ndoo,
akazima taa.

Tukasimama gizani.
Ugali ukapoa.

Pa.